Nani Atie Sahihi?

Muuguzi aliingia wodini akiwa na jalada mkononi, akasoma jina lililoandikwa juu yake, akaitazama tarehe ya kuzaliwa, kisha akampita dada yangu, aliyekuwa ameshanyoosha mkono kupokea fomu, akamkabidhi kalamu mpwa wangu aliyelala kitandani. "Ameshatimiza miaka 18," alisema kwa upole. "Hii atasaini mwenyewe."

Ilikuwa fomu ya ridhaa ya operesheni ya pili ya goti. Operesheni ya kwanza ilifanyika miezi michache kabla, kwenye goti lilelile, kwa mkono wa daktari yuleyule, na hatari zilizoorodheshwa katika fomu zilikuwa zilezile. Fomu ile ya kwanza ilisainiwa na mama yake. Kati ya karatasi hizo mbili ilipita siku moja ya kuzaliwa.

Kijana aliishika kalamu, akaitazama karatasi, kisha akageuza shingo.

"Mama, nisaini?"

Dada yangu alinyamaza kidogo. "Soma kwanza, mwanangu. Ukishaelewa, uamue wewe."

Operesheni ilikwenda vizuri na goti limepona. Lakini kwa wiki nyingi sasa nimeshindwa kuliweka kando swali lile dogo, kwa sababu kijana alikuwa akiomba ruhusa ya kufanya tendo ambalo maana yake yote ni kwamba hahitaji tena ruhusa ya mtu. Je, alikuwa ameshaacha kuwa mtoto usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa? Au aliacha pale kalamu ilipowekwa mkononi mwake? Au ni pale mama yake alipokataa kumjibu ndiyo au hapana?

Yeye mwenyewe hakuwa amebadilika. Kilichobadilika ni mtu ambaye swali lilielekezwa kwake.

## Namba 18 imetoka wapi

Tumeizoea namba hii kiasi cha kuidhania kuwa ya maumbile, kama idadi ya meno. Ukweli ni kwamba ni changa. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unasema mtoto ni kila binadamu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa pale ambapo sheria inayomhusu inampa utu uzima mapema zaidi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, uliufunga mwanya huo: chini ya 18 ni mtoto, basi. Lakini kizazi kimoja tu kabla ya mikataba hiyo, England ilikuwa bado inamhesabu mtu wa miaka 20 kuwa hajafikia umri wa utu uzima. Sheria ya mwaka 1969 ndiyo iliyoushusha umri huo kutoka 21 hadi 18. Japani iliishi na umri wa miaka 20 tangu 1876 hadi tarehe 1 Aprili 2022, ilipohamia 18, na hata hapo ikaacha pombe, sigara na kamari zisubiri 20 kama zamani. Korea Kusini ni 19. Uskoti humpa mtu uwezo wa kuingia mikataba mingi akiwa na miaka 16.

Kwa hiyo mtu akipanda ndege anaweza kuondoka mtu mzima na kutua mtoto.

Kati ya yote niliyoyasoma kuhusu jambo hili, hakuna lililonishika kama kanuni iliyomo katika kitabu cha sheria za England cha mwishoni mwa karne ya 12, kinachojulikana kwa jina la Glanvill. Humo mrithi wa askari mpanda farasi anahesabiwa kuwa mtu mzima akifika miaka 21, na mara nyingi huelezwa kwamba huo ndio umri ambao mwili ungeweza kuhimili silaha nzito. Mrithi wa mkulima huru anahesabiwa akifika 15. Mtoto wa mfanyabiashara wa mjini hakupewa namba kabisa: yeye ni mtu mzima akishajua kuhesabu fedha, kupima kitambaa, na kuendesha shughuli nyingine za baba yake za namna hiyo.

Vipimo vitatu, ukurasa mmoja, nchi moja.

Namba ya askari ndiyo iliyodumu. Ilienea katika makoloni pamoja na sheria za Kiingereza, na ndiyo tuliyoirithi kabla ya kuipunguza. Kipimo cha mfanyabiashara kilikufa, nami naelewa kwa nini. Karani hawezi kuandika kwenye daftari kwamba fulani anajua kupima kitambaa, wala hakimu hana muda wa kumkalisha kila kijana na kumpa mita na nguo. Tarehe ya kuzaliwa ni rahisi, haimpendelei mtu, haihongeki. Sitaki kuidharau faida hiyo, kwa sababu palipo na tarehe moja kwa wote, mwenye nguvu hawezi kumwambia mnyonge, "Wewe bado hujakomaa." Hata hivyo, kipimo kile kilichokufa kilikuwa kikiuliza swali ambalo tarehe haiulizi: huyu mtu anaweza kufanya nini, na je, kazi yenyewe ameshakabidhiwa?

## Mwili nao hausemi jambo moja

Wengine hudhani kwamba tukiiacha sheria na kuutazama mwili tutapata jibu safi. Mwili hautoi jibu moja. Katika Ulaya ya katikati ya karne ya 19 wasichana wengi walivunja ungo wakiwa na miaka 16 hivi au zaidi. Leo wengi huvunja ungo kati ya miaka 12 na 13, kwa sababu ya lishe bora na afya bora. Kama kubalehe ndiko kukua, basi watoto wa leo wanakua haraka kuliko mababu zao. Lakini mifupa inasema vingine. Ncha ya ndani ya mtulinga, ile inayokutana na mfupa wa kifua, ni miongoni mwa sehemu za mwisho kabisa za mifupa kufunga, na kwa watu wengi haimalizi kufunga mpaka wawe katikati au mwishoni mwa miaka ya ishirini.

Ubongo ndio unaotajwa zaidi siku hizi. Husemwa sana kwamba ubongo hukomaa mtu akifika miaka 25, na namba hiyo imeanza kurudiwa kwa uhakika uleule wa namba 18. Wanasayansi wenyewe ni waangalifu zaidi. Wanachokijua ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, inayohusika na kupanga, kupima matokeo na kujizuia, ni miongoni mwa zinazochelewa kukomaa, na kwamba mabadiliko hayo yanaendelea katika miaka ya ishirini bila kuwa na siku ya kukoma. Hakuna picha ya ubongo iliyowahi kuonyesha mstari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha zaidi ya watu 5,000 wa kati ya miaka 10 na 30 katika nchi 11, ulinisaidia kuona kwa nini tunabishana bila kufika. Uwezo wa kufikiri kwa utulivu, yaani kushika habari kichwani na kuzichambua pasipo haraka wala presha, ulifikia kiwango cha watu wazima takriban katika umri wa miaka 16. Uwezo wa kujizuia, wa kuahirisha raha na kupima hatari, uliendelea kukua hata baada ya 18. Kijana wa miaka 16 aliyepewa karatasi, muda na ukimya anaweza kuamua vizuri kama mama yake. Kijana yuleyule, akiwa na rafiki zake watatu garini usiku, ni mtu mwingine.

Basi huyo ni mtoto au mtu mzima?

Inategemea unamuuliza nini, na unamuuliza akiwa wapi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikunitosha. Linaeleza jinsi uwezo unavyokua, wala halielezi ni nini hasa kinachotokea pale mtu anapoacha kuwa mtoto. Kuna watu wenye uwezo wote huo ambao bado ni watoto nyumbani kwao wakiwa na miaka 35, na kuna watoto ambao hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kuwa watoto.

## Ukubwa jalala

Wahenga walisema ukubwa jalala, kwa maana kwamba mkubwa ndiye anayetupiwa kila kitu: lawama, madeni, kesi za wadogo, maneno ya majirani. Ni methali yenye ukweli mkubwa. Nikiulizwa haraka nitaje dalili ya utu uzima, nami ningetaja mzigo. Mtu mzima ni yule anayebeba.

Lakini watoto nao hubeba.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchini Rwanda, maelfu ya kaya zilibaki mikononi mwa watoto. Dada mkubwa, mwenye umri wa kuwa shuleni, alipika, alilima, aliwauguza wadogo zake na kuwatafutia karo, na bado hakuwa na kauli mbele ya ndugu wa baba waliokuja kulichukua shamba. Kama mzigo peke yake ungemfanya mtu kuwa mtu mzima, yule binti angekuwa mtu mzima kuliko sisi sote. Hakuwa. Alikuwa mtoto aliyebebeshwa mzigo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, ililisema jambo hili kwa namna ninayoiheshimu sana: mtoto anayeongoza kaya abaki na haki zote za mtoto, zikiwemo elimu na mapumziko, na juu yake apewe haki zinazotokana na kuwa mkuu wa kaya. Asipokonywe utoto kwa sababu anabeba, wala asinyimwe kauli kwa sababu ni mtoto.

Niliposoma kifungu hicho niliona kwamba nilikuwa nikitazama mambo mawili kama jambo moja. Upo mzigo, na ipo kauli. Mzigo ni yale utakayoulizwa wewe yakiharibika. Kauli ni haki ya kuamua yafanyike vipi. Kila mahali nilipogeukia baada ya hapo, uchungu mkubwa kuhusu utoto na utu uzima ulikuwa umetokea pale vitu hivyo viwili vilipotenganishwa.

Vijana wa Kimarekani walipelekwa vitani Vietnam wakiwa na miaka 18, huku wakiambiwa kwamba kumchagua kiongozi aliyewapeleka ni kazi ya mtu wa miaka 21. Mzigo bila kauli. Hoja hiyo ilikuwa nzito kiasi kwamba mwaka 1971 Katiba ya nchi hiyo ilirekebishwa ili umri wa kupiga kura uwe 18.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, huku mvulana akitakiwa kufika 18. Tutafakari kwa makini kilichomo katika ruhusa hiyo. Binti angeingia katika kazi nzito kuliko zote anazoweza kupewa mwanadamu, kubeba mimba na kulea, na idhini inayohitajika kwa ajili hiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Huwa nasikia watu wakijadili kesi hiyo kana kwamba ilihusu namba tu, 15 dhidi ya 18. Mimi naiona kuwa ilihusu nani atie sahihi.

## Waliokua wakanyimwa

Upo upande wa pili, nao hauna maumivu madogo. Ni wale waliokwisha kukua, wanaobeba kila kitu, na ambao kauli yao imewekwa mikononi mwa mwingine maisha yao yote.

Nchini Ufaransa, mwanamke aliyeolewa alipata haki ya kufungua akaunti ya benki na kufanya kazi bila idhini ya mumewe mwaka 1965 tu. Mwanamke wa miaka 50, mama wa watoto wanne, aliyewahi kuvuka vita mbili za dunia, alikuwa mbele ya benki katika nafasi ya mtoto. Mwaka 1968, huko Memphis, Marekani, wafanyakazi weusi wa usafi waligoma na kuandamana wakiwa na mabango yenye maneno machache yaliyosema kwamba wao ni wanaume, watu wazima. Walikuwa na wake, watoto na nyumba za kulipia kodi. Hakuna sheria iliyosema ni watoto. Waliitwa hivyo na kutendewa hivyo na wale waliokuwa juu yao, jinsi walivyoitwa na kutendewa mamilioni ya watu wazima chini ya wakoloni katika bara letu.

Na watu wenye ulemavu bado wako katika hali hiyo katika nchi nyingi. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 12, unawatambua kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine, na unazitaka serikali ziwape msaada wa kuutumia uwezo huo, badala ya kumteua mtu wa kuwaamulia. Yapo majumba ambamo mtu wa miaka 40 anaulizwa anachotaka kupitia kwa dada yake, naye ameketi pale pale.

Mifano hii ilinisogeza hatua ambayo sikuwa tayari kuisogea mwanzoni. Nilipenda kuamini kwamba kukua ni jambo la mtu na nafsi yake: unakomaa, unaamka siku moja, umekuwa. Sasa nadhani sehemu kubwa ya utu uzima hukabidhiwa. Mtu anaweza kuwa na kila kinachohitajika ndani yake na asiwe mtu mzima machoni pa walio karibu naye, kwa sababu hakuna aliyekubali kuiachia kauli. Kukua kunahitaji mikono miwili, mmoja wa kupokea na mwingine wa kuachia, na huu wa pili ndio tunaousahau.

## Mtu mmoja aliyenisumbua

Nilikuwa nimekaribia kuridhika na maelezo hayo nilipokumbuka kesi ya Dominic Ongwen, na kwa siku kadhaa yote niliyoyapanga yalionekana kulegea.

Ongwen alitekwa na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), kundi la Joseph Kony, kaskazini mwa Uganda akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Alilelewa na kundi lile, akafunzwa kuua na kundi lile, akapanda vyeo ndani yake hadi akawa kamanda. Mwezi Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, yaliyotendeka kati ya 2002 na 2005, na mwezi Mei mwaka huohuo ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Miongoni mwa makosa hayo ni kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita. Yaani kosa alilofanyiwa yeye ndilo alilokuja kuwafanyia wengine.

Alipotekwa alikuwa mtoto, hakuna anayebisha. Alipotenda yale aliyohukumiwa alikuwa mtu wa zaidi ya miaka 20. Katikati, ni siku gani aliyoacha kuwa mtoto? Hakuna aliyemjaribu kidogo kidogo, hakuna aliyemkabidhi chochote kwa upendo, hakuna mzazi aliyeuvuta mkono wake nyuma na kumwambia aamue. Kauli aliyokuja kuwa nayo, kauli ya kuamrisha vijiji vichomwe, aliipata kwa njia iliyopotoka tangu mwanzo wake. Kama utu uzima hukabidhiwa, yeye nani alimkabidhi?

Mahakama haikukubali kwamba maisha yale yalimwondolea hatia. Majaji walimwona kuwa mtu aliyepanga, aliyechagua na aliyekuwa na nafasi ya kutenda vingine. Lakini walipofika kwenye adhabu waliupa uzito utoto wake ulioporwa, na miaka 25 ni pungufu ya adhabu ambayo wangeweza kuitoa. Nilisoma hilo mara nyingi. Ni kama walisema mambo mawili kwa pamoja bila kuliruhusu moja limeze jingine: wewe ni mtu mzima, utajibu, na wewe ulikuwa mtoto, tutakumbuka.

Sina namna ya kulifanya jambo hili liwe laini. Ninachoweza kusema ni kwamba linanizuia kuamini kwamba utu uzima ni zawadi anayopewa mtu na jamii njema. Kuna watu wanaofika huko bila zawadi yoyote, na bado tunawadai majibu, na nadhani tuna haki ya kuwadai, kwa sababu wale waliotendewa walikuwa nao watu, na wengi wao walikuwa watoto.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikutana na swali linalofanana na hili mwaka 2005, ilipopiga marufuku adhabu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa na mtu wa chini ya miaka 18. Majaji wenyewe walikiri kwamba sifa zinazomtofautisha kijana na mtu mzima hazitoweki siku anayotimiza 18, na kwamba wapo wa chini ya hapo waliokwisha kukomaa. Wakachora mstari hata hivyo. Nilipokuwa kijana ningeuona huo kuwa udhaifu wa hoja. Leo nauona kuwa unyoofu: mstari huu haukuchorwa ili kutueleza mtu ni nani, umechorwa ili kutuzuia sisi tulio na nguvu tusifike mahali fulani.

## Wajaribuni kwanza

Wanaosoma Qurani wanaijua aya ya 6 ya sura An-Nisaa, inayowaagiza walezi wa mayatima. Agizo lenyewe lina hatua tatu: wajaribuni mayatima, mpaka wafikie umri wa kuoa, mkiwaona wana busara, wapeni mali zao. Mafaqihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walijadili kwa karne nyingi uhusiano wa hatua hizo, kubalehe kwa mwili upande mmoja na busara ya kuendesha mali upande mwingine, kwa sababu waliona wazi kwamba kijana anaweza kupata cha kwanza kabla ya cha pili. Imamu Abu Hanifa alikwenda mbali zaidi, akasema mtu akifika miaka 25 apewe mali yake hata kama busara haijaonekana. Sheria ya Kirumi, karne nyingi kabla yake, nayo ilikuwa imemlinda mtu wa chini ya miaka 25 dhidi ya mikataba iliyomlaghai. Inashangaza kidogo kwamba umri huo ulifikiwa na watu ambao hawakuwahi kuona picha ya ubongo.

Linalonigusa zaidi katika aya hiyo ni kwamba jukumu la kujaribu limewekwa juu ya mlezi. Hakuambiwa asubiri. Ameambiwa ajaribu, na kujaribu kunaanza kabla ya kukabidhi, wakati mtoto bado ni mtoto, kwa kiasi kidogo cha mali ambacho kikipotea hakitamwangamiza.

Mkataba wa Haki za Mtoto una wazo la karibu na hilo. Ibara ya 5 inazungumzia uwezo wa mtoto unaokua na jinsi mwongozo wa wazazi unavyopaswa kwenda nao, na ibara ya 12 inataka maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Mwaka 1985 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati ule iliamua, katika kesi ya Gillick iliyohusu matibabu ya walio chini ya miaka 16, kwamba mamlaka ya mzazi hupungua kadiri mtoto anavyopata uelewa wa kutosha wa jambo lililo mbele yake. Si siku moja, wala si kwa mambo yote kwa mara moja. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuelewa vya kutosha kuhusu jino linalotakiwa kung'olewa na asielewe vya kutosha kuhusu operesheni ya moyo.

Hapa ndipo ninapomrudisha mfanyabiashara wa karne ya 12 na kipimo chake cha kitambaa. Mtoto wake hakujua kuhesabu fedha kwa kufikisha umri. Alijua kwa sababu kuna siku alipewa fedha kidogo akaambiwa ahesabu, mtu mwingine akiwa karibu, na kuna siku mtu yule akaondoka chumbani.

Wazazi wengi ninaowafahamu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huamua kila kitu hadi siku ya kutimiza miaka 18, kisha humwachia kijana yote kwa pamoja na kushangaa akiteleza. Ama huendelea kuamua baada ya hapo, kazi ya kusomea, mtu wa kuoa, mahali pa kuishi, na kuita huko kuamua kuwa ni upendo. Naamini ni upendo. Pia naamini kwamba unamnyima mwanao kitu ambacho hakuna mwingine duniani anayeweza kumpa kwa urahisi kama wewe.

## Baada ya kuachia

Limebaki moja, na ndilo ninalolifikiria zaidi sasa. Kuachia kauli si sawa na kuondoka. Katika nchi nyingi, kijana aliyelelewa katika makao ya watoto au katika familia ya kupangiwa hufikia miaka 18 na kukuta mlango wa msaada umefungwa. Siku anayopewa haki ya kuamua ndiyo siku anayopoteza watu wa kuwauliza. Wenye wazazi hatulijui hilo. Tulitimiza 18 tukaendelea kula nyumbani, kuugua nyumbani, kukosea na kurudi nyumbani, kwa miaka mingi, na hakuna aliyesema sisi si watu wazima kwa sababu hiyo.

Baadhi ya serikali zimeanza kuliona. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 iliziwezesha majimbo kuendelea kuwatunza vijana hao hadi miaka 21 kwa fedha za serikali kuu. Uskoti, kwa sheria ya mwaka 2014, ilimruhusu kijana wa namna hiyo kubaki alipolelewa hadi 21, na kuomba msaada na ushauri hadi afike 26. Ni nchi ileile inayomruhusu mtu kutia sahihi mkataba wake mwenyewe akiwa na miaka 16. Kauli yake inaanza miaka 10 kabla ya msaada wake kufikia kikomo, na katika miaka hiyo yote 10 anaamua mwenyewe huku akiwa na mtu wa kumpigia simu.